Nati Inapozunguka Bila Kugoma

Leo tunaingia gereji, na tukishaingia tunakwenda moja kwa moja kwenye injini ya zamani inayopozwa kwa hewa. Nazungumzia Volkswagen Beetle, ile yenye injini nyuma, isiyo na rejeta wala tone la maji. Najua wapo wanaonisikiliza sasa hivi wakiwa nayo uani, imefunikwa turubai, na mzee mwenye nyumba amekataa katakata kuiuza. Wapo pia vijana walioinunua kwa bei ya chuma chakavu wakitumaini kuifufua. Nina hoja moja, na huenda ikawaudhi baadhi ya mafundi: meno ya stadi yakishaliwa kwenye bloku ya injini hii, dawa si kutia stadi nene zaidi. Mara nyingi dawa ni kinyume chake.

Gari hili tunalijua. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Kwetu Afrika Mashariki lilijipatia jina kwenye matope. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, likashinda tena 1957, na tena 1962, enzi ambazo mbio hizo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndugu yake, Kombi, aliyebeba abiria na watalii kwa miaka mingi, alitumia injini ya ukoo uleule. Kwa hiyo injini hizi bado zipo, zimezagaa kwenye gereji zetu, na nyingi zimesimama kwa sababu ya tundu moja lililokwisha meno.

Ili tuelewane, tuifungue injini kidogo. Bloku yake ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja, kushoto na kulia. Silinda zake nne zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, na kila silinda ni kipande chake peke yake cha chuma cha kusubu, chenye mapezi ya kutoa joto. Juu ya kila silinda mbili kuna hedi moja ya alumini. Sasa uliza: ni nini kinachoshika hedi na silinda zisiruke wakati petroli inalipuka ndani? Ni stadi. Stadi ni bolti isiyo na kichwa, ndefu na nyembamba, yenye meno ncha zote mbili. Ncha moja imezamishwa kwenye bloku, inapita kando ya silinda, inatokeza kwenye hedi, na hapo inavishwa nati. Ziko nane kila upande, jumla 16. Nguvu yote ya mlipuko inarudi kwenye matundu hayo 16 ya bloku.

Na bloku yenyewe imetengenezwa kwa aloi ya magnesi. Walioibuni walikuwa na sababu nzuri. Magnesi ni nyepesi kuliko alumini kwa zaidi ya theluthi moja, na injini iliyoning'inizwa nyuma ya ekseli lazima iwe nyepesi, la sivyo gari linakuwa na mkia mzito. Lakini magnesi ni laini. Stadi ni chuma cha pua, kigumu. Ukikutanisha meno magumu na meno laini, unajua mapema ni yapi yatakayoliwa.

Sasa tia joto. Chuma cha urefu wa mita moja kikipanda joto kwa digrii 100 za Selsiasi hurefuka kama milimita 1.2. Alumini, kwa urefu na joto hilohilo, hurefuka kama 2.3. Magnesi hufika karibu 2.6. Tena silinda na hedi ndizo zinazopata moto mkali, wakati stadi iliyo pembeni inapulizwa na hewa. Maana yake, kila unapowasha gari na kupanda mlima, hedi inavimba na kusukuma nati, nati inavuta stadi, na stadi inavuta meno ya bloku. Ukizima, vyote vinanywea. Kesho asubuhi mchezo unaanza upya. Miaka 40 ya mchezo huo inatosha kung'oa chochote. Siku moja meno ya magnesi yanakatika, stadi inatoka na unga wa fedha umeganda kwenye meno yake, na tundu linabaki laini kama la bomba.

Hapa ndipo fundi wetu anapokuja na ushauri. "Mzee, hapa tunaongeza saizi. Tunatoboa, tunapiga tapu, tunatia stadi nene." Kwa sikio la mwenye gari, neno hilo ni tamu. Kitu chembamba kimeshindwa, kileteni kinene. Mzee anatoa pesa.

Lakini waliotengeneza injini walipokutana na tatizo hilohilo hawakufanya hivyo. Kwa miaka mingi Volkswagen ilitumia stadi za milimita 10. Ilipoona meno ya bloku yanang'oka, hasa kwenye injini kubwa za 1600 zinazochemka zaidi, katika miaka ya 1970 ilihamia kwenye stadi za milimita 8. Ilipunguza. Na kwenye bloku ikatia bushi za chuma, zenye meno nje ya kushika magnesi na meno ndani ya kupokea stadi.

Kwa nini nyembamba? Fikiria mzigo kwenye keria ya baiskeli. Ukiufunga kwa kamba ngumu ya katani, mzigo ukivimba kidogo kamba inakata gunia, na ukinywea kamba inalegea. Ukiufunga kwa mpira uliochanwa kwenye tyubu kuukuu, mpira unafuata mzigo, ukipanuka unanyooka, ukipungua unarudi, na muda wote umebana. Stadi nayo hunyooka. Chuma hunyooka kidogo mno kwa macho, lakini hunyooka, na stadi ya milimita 8 ina eneo la ukato kama theluthi mbili tu ya ile ya milimita 10. Kwa hiyo hedi inapovimba, stadi nyembamba inakubali kunyooka kwa nguvu ndogo zaidi, na meno ya bloku yanavutwa kidogo zaidi. Stadi nene haikubali. Kila kinachovimba inakihamishia kwenye bloku.

Kinachotakiwa kuwa kinene ni kile kinachoshika magnesi. Bushi ya kawaida ya kazi hii ina milimita 14 nje. Linganisha na tundu la stadi ya milimita 8: mzingo wa kushikia umeongezeka kwa asilimia 75. Unene umekwenda kwenye bloku, wembamba umebaki kwenye stadi. Fundi anayetia stadi nene kwenye tundu kubwa amefanya nusu ya kazi sawasawa, halafu nusu ya pili akaiharibu.

Porsche nao walipita njia hiyo, tena kwa machungu. Gari lao la kawaida la 911 lilipopewa injini ya lita 2.7 kwa toleo la 1974, bloku ilikuwa ya magnesi. Yale yaliyouzwa Marekani yakafungiwa vifaa vya kuchoma moshi mchafu karibu na hedi, joto likazidi, na stadi zikaanza kung'oka. Mwaka 1978, na 911 SC, wakarudi kwenye bloku ya alumini. Walitumia pia stadi za aloi maalumu iitwayo Dilavar, iliyoundwa ivimbe karibu sawa na alumini. Wazo zuri kabisa. Ila baadhi ya stadi hizo zililiwa na kutu, zikakatika zenyewe upande wa chini, ule wa ekzosi. Nasema haya ili fundi wa mtaani asidhani namdharau. Wahandisi wa Ujerumani pia wamehangaika na matundu haya.

Joto tumelisema. Mkosaji wa pili ni mkono wa binadamu, na huyu simwonei haya. Gereji zetu zina mazoea ya kukaza mpaka igome. Injini hii haitaki hivyo. Nati za hedi kwenye stadi za milimita 10 zinakazwa kwa Nyutoni-mita 31 hivi. Za milimita 8 zinakazwa kwa 25. Nati za bamba la chini, lile linaloshika chujio la oili, zinakazwa kwa 7 tu. Saba! Hiyo ni nguvu ya vidole na spana fupi. Na katika injini hiyohiyo, nati kubwa inayoshika flaiwili inakazwa kwa karibu 300. Mkono uliotoka kukaza flaiwili ukienda kukaza bamba la oili bila kipimo, stadi ya milimita 6 itang'oka kabla fundi hajamaliza sentensi.

Bamba hilo la oili ndilo kaburi la meno. Kila unapobadilisha oili, na kwa injini hii ni kila kilomita 5,000 hivi, nati sita zinafunguliwa na kufungwa. Gasketi ya karatasi ikivuja tone moja, mtu anaongeza kukaza. Ikivuja tena, anaongeza tena. Wakati huo bamba limeshapinda kuzunguka kila nati, na ndiyo sababu linavuja. Dawa ilikuwa kulinyoosha bamba juu ya kitu bapa na kununua gasketi mpya, ambayo ni karatasi. Badala yake tunang'oa meno ya bloku isiyopatikana kirahisi.

Utajuaje kwamba meno yameondoka? Dalili ya kwanza iko mkononi. Unakaza nati, inapanda ugumu, inapanda, halafu ghafla inalainika na kuendelea kuzunguka. Hapo fundi husema, "Bado inakubali." Haikubali, ndugu yangu, imekwisha. Acha hapohapo. Dalili ya pili ni sauti: ukiongeza moto unasikia pumzi ikitoka kando ya hedi, pufu pufu pufu, kwa mwendo wa injini. Gesi inapenya kati ya silinda na hedi, na ukiiacha iendelee itachimba mfereji kwenye alumini, uharibu na hedi pia. Dalili ya tatu ni oili inayolowesha shina la silinda, pale inapokaa kwenye bloku. Angalia zaidi silinda namba tatu. Kwenye injini za kabla ya toleo la 1971, kipoza oili kiko mbele ya njia yake ya hewa, kwa hiyo ndiyo inayochemka kuliko wenzake.

Sasa dawa zisizofaa. Nimesikia gundi ya chuma ikisifiwa. Gundi hiyo ni nzuri kwa mambo mengine, lakini kwenye tundu lenye oili ya miaka 40 na joto la kila siku, haikai. Nimesikia watu wanataka bloku ya magnesi ichomelewe kwa welding ya kawaida ya mtaani. Usithubutu. Na ipo ile ya kuzungushia uzi wa waya wa shaba ndani ya tundu kabla ya kurudisha stadi. Hiyo nitaitetea kidogo. Fundi wa kwanza aliyefanya hivyo alikuwa na akili, maana wazo lake ndilo wazo la Heli-Coil, springi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu, yenye ukato wa umbo la almasi, inayozungushwa ndani ya meno mapya. Tofauti ni kwamba waya wa Heli-Coil umepimwa, ni mgumu, na unaingia kwenye meno yaliyokatwa kwa tapu yake maalumu. Waya wa shaba wa nyaya za umeme unaingia kwenye tundu lisilo na meno, na utatoka kama ulivyoingia.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaieleza kwa stadi za hedi, kwa sababu ndizo zenye thamani.

Kwanza, injini inatoka kwenye gari, hedi na silinda zinavuliwa. Ukishafika hapo, na bloku ina umri, ifungue kabisa. Stadi za zamani unazitoa kwa nati mbili zinazobanana zenyewe kwa zenyewe juu ya stadi, kisha unazungusha nati ya chini taratibu. Ikigoma, pasha bloku joto la wastani kwa mashine ya hewa moto. Mwali wa gesi uweke mbali, na nitasema kwa nini.

Kisha kutoboa. Hapa kazi inafaulu au inakufa, na kinachoamua ni unyoofu. Stadi ina urefu wa sentimita 20 hivi. Ukitoboa tundu likainama digrii moja tu, ncha ya juu ya stadi itakuwa imetoka mahali pake kwa milimita 3.5. Hedi haitaingia, na ukiilazimisha, stadi itakuwa inavutwa kwa upande maisha yake yote. Kwa hiyo drili ya mkono peke yake haifai. Ipeleke bloku kwenye karakana yenye drili ya kusimama au mashine ya kuchonga vyuma, iwekwe sawa juu ya uso wake wa silinda, itobolewe. Ukilazimika kutumia drili ya mkono, chongesha kwa mkerezaji kitalu cha chuma chenye tundu lililonyooka, ukikaze juu ya bloku kiwe mwongozo wa biti. Mkerezaji mzuri hawezi kushindwa na kazi hiyo, nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utampata.

Ukipiga tapu, zungusha nusu mzunguko, rudisha robo, tia oili nyepesi, safisha. Paka grisi kwenye meno ya tapu ili ikamate chembe. Ziba matundu mengine yote kwa vitambaa safi, kwa sababu chembe moja ya chuma ikiingia kwenye njia ya oili itakwenda kukaa kwenye beringi, na utakuwa umetengeneza stadi na kuua krenki.

Na chembe hizo ni za magnesi. Magnesi iliyo bonge haishiki moto kirahisi, lakini chembe zake na unga wake hushika, na moto wake ni mweupe, mkali, usiozimwa kwa maji. Maji huuchochea. Kwa hiyo pasiwe na sigara, mashine ya kusagia inayorusha cheche, wala mwali karibu. Zoa chembe mara kwa mara, usizirundike. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, mkavu kabisa. Hili hata mafundi wazoefu hulipuuza kwa kuwa magnesi kwa macho inafanana na alumini.

Bushi inaingizwa na gundi ya kufunga meno, ile inayostahimili joto, na lazima ikae chini kidogo ya uso wa bloku. Ikitokeza hata kwa unene wa karatasi, silinda haitakaa bapa, na utaanza kuvuja siku ya kwanza. Baada ya hapo stadi mpya za milimita 8 zinaingia. Unazipima urefu kabla ya kufunga, kwa kuwa si zote zinalingana. Hedi inarudi, nati zinakazwa kwa awamu mbili, kwanza kama Nyutoni-mita 10 kwa zote, kisha kipimo kamili, kwa mpangilio wa kuvukavuka ulioonyeshwa kwenye kitabu cha injini. Spana ya kupimia nguvu si anasa. Kama fundi hana, azime.

Mtu ataniuliza: kama limeng'oka tundu moja, kwa nini nilipie 16? Swali halali. Ikiwa injini ni nzima kwa mambo mengine yote na hela haipo, tengeneza moja, nitakuelewa. Lakini bloku ikishafunguliwa, hayo 15 yaliyobaki yamepita kwenye joto lilelile na mikono ileile. Gharama kubwa ni kushusha injini na kuivunja, si bushi. Mimi naunga mkono kufanya zote.

Matundu mengine niyapitie haraka. Stadi za ekzosi ziko kwenye alumini ya hedi, na adui yao ni kutu. Hapo stadi ya ngazi, yenye milimita 9 upande mmoja na 8 upande mwingine, inatosha, maana ni fupi na haibebi mlipuko. Plagi ni jambo jingine. Meno yake kwenye hedi yana kina cha milimita 12.7 tu, na huliwa na watu wanaoanza kuikaza kwa spana badala ya vidole. Hapo Heli-Coil ya milimita 14 au bushi ya Time-Sert inafaa, lakini hedi ivuliwe kwanza, chembe zisiingie kwenye silinda. Stadi za bamba la oili, zile za milimita 6, Heli-Coil inazimaliza kwa kazi ndogo.

Basi wewe mwenye Volkswagen, kabla hujamkabidhi fundi injini, muulize maswali mawili. Atatia stadi ya milimita ngapi? Na nati atazikaza kwa kipimo gani? Akikwambia nane, ndani ya bushi ya chuma, kwa Nyutoni-mita 25, mwachie funguo. Akikwambia anaongeza saizi na kukaza mpaka igome, mshukuru kwa muda wake, upakie injini yako kwenye pikapu, utafute mwingine.